Mwenye kushindwa naye aonyeshwe hesabu

Mwezi wa sita 2024, ISU, chama chenye kusimamia muchezo wa kuteleza ku barafu mu dunia nzima, kiliondoa salto ya nyuma ku liste ya vitu vyenye vilikatazwa. Kuanzia musimu wenye ulifuata, mwenye anaweza kujipindua hewani na kusimama tena juu ya vyuma vyake, afanye. Hawamukati pointi tena. Habari yenyewe ni fupi, na magazeti mengi yaliipitisha kwa mistari miwili tu. Sisi tunaona inafaa kuirudilia polepole, juu nyuma yake kuko watu wenye walilipa ile sheria kwa pointi na kwa machozi. Tena kuko swali moja lenye haliishi ku barafu: mutu mwenye kupewa kazi ya kupima wengine, anapaswa kumuonyesha nani hesabu yake?

Tunajua kama musomaji fulani atasema: « Barafu? Sisi barafu yetu ni ile ya mama mwenye kuuza mu sashe, na ile ya kuweka mu soda. » Ni kweli. Mutoto wa kwetu mwenye kuvaa viatu vya chuma, mara mingi ni yule mwenye alikomalia Ulaya ao Kanada. Lakini mutu hana lazima ya kujua kuteleza ili ajue kama jirani yake alipimwa vizuri ao alionewa. Ile tunaijua wote, tangu ku masomo ya msingi.

Montréal, mwezi wa tatu

Leka tuanze na matokeo, juu mambo yote yanatoka pale. Shampiona ya dunia ya mwaka wa 2024 ilifanyika Montréal, mu muji wenye wandugu wetu wengi wanaishi, ndani ya Centre Bell, kwenye kwa kawaida watu wanaenda kutazama hoki.

Upande wa wanaume, dhahabu ilienda kwa Ilia Malinin, Mumarekani wa miaka 19. Alipata pointi 333,76. Mu programu ndefu aliruka mara sita ile miruko ya kuzunguka mara ine hewani mbele ya kugusa chini. Moja kati yao ni Axel ya mara ine, yenye yeye ndiye wa kwanza kuifaulu mu mashindano, mwaka wa 2022. Pointi zake za programu ndefu, 227,79, zilikuwa rekodi mupya ya dunia. Yuma Kagiyama wa Japani alipata feza na pointi 309,65. Shaba ilienda kwa Mufaransa Adam Siao Him Fa, na pointi 284,39. Huyu wa tatu tutamurudilia.

Upande wa wanawake, Kaori Sakamoto wa Japani alichukua dhahabu mara ya tatu mufululizo. Mwanamuke wa mwisho mwenye alifanya vile mbele yake ni Mumarekani Peggy Fleming, kutoka 1966 mpaka 1968. Feza ilikuwa ya Isabeau Levito wa Marekani, shaba ya Kim Chae-yeon wa Korea ya Kusini. Mu dansi ya barafu, Wamarekani Madison Chock na Evan Bates walishinda Wakanada Piper Gilles na Paul Poirier, kisha Waitalia Charlène Guignard na Marco Fabbri wakafuata.

Na mu muchezo wa wawili wawili, ule wenye mwanaume ananyanyua mwanamuke juu ya kichwa na kumutupa mbali, wenyeji walishangilia Deanna Stellato-Dudek na Maxime Deschamps. Huyu mama alikuwa na miaka 40. Aliacha muchezo akiwa kijana juu ya kuumia, akafanya kazi ingine miaka kumi na kitu, kisha akavaa tena viatu vyake. Hakuna mwanamuke mwengine wa umri ule mwenye alishapata dhahabu ya dunia mu muchezo huu. Wajaponi Riku Miura na Ryuichi Kihara walikuwa wa pili, Wajerumani Minerva Fabienne Hase na Nikita Volodin wa tatu. Wale wenye wanasema kama mutu akipita miaka makumi tatu ameisha, wachunge maneno.

Kutoka nafasi ya 19

Sasa turudi kwa Adam Siao Him Fa. Alizaliwa Bordeaux, na wazazi wake wana asili ya kisiwa cha Maurice, hapa ku bahari ya Afrika yetu. Alifika Montréal akiwa bingwa wa Ulaya, watu wakimutazamia medali. Lakini mu programu fupi mambo yalimuharibikia kabisa. Alikuwa wa 19, na wenye kuruhusiwa kucheza programu ndefu ni 24 tu. Kidogo tu angerudi nyumbani.

Siku ya programu ndefu, wenye pointi kidogo wanaingia wa kwanza. Njo vile aliingia mapema, wakati wakubwa walikuwa wangali wanafunga kamba za viatu. Akacheza sawa mutu mwenye hana tena kitu cha kupoteza. Majuji wakamupatia 206,90. Siku ile, ni Malinin peke yake mwenye alipita ile pointi. Kisha akakaa kungojea. Wachezaji walikuja mumoja mumoja, na kila mumoja alibakia chini yake, mpaka ilibakia kidogo tu. Shoma Uno wa Japani, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023, alikuwa wa kwanza kisha programu fupi. Naye alianguka mpaka nafasi ya ine, na pointi 280,85. Kati ya shaba na kurudi mikono mitupu palikuwa pointi tatu na nusu hivi.

Na hapa njo penye hadisi inapata chumvi. Mu ile programu, Adam aliweka salto ya nyuma. Alijua kama imekatazwa. Alijua kama watamutosha pointi 2, juu mwezi wa kwanza kule Kaunas, ku shampiona ya Ulaya, aliifanya, wakamukata, na akashinda vilevile. Kwa hiyo kule Montréal aliingia na hesabu mu kichwa: hii kitu bei yake ni 2. Nitalipa. Akalipa, na medali ikabakia yake na pointi tatu na nusu hivi ya akiba.

Mutu anaweza kusema huyu kijana ni kichwa nguvu. Lakini tutazame kitu kingine. Sheria ilikuwa mbaya, na mwezi wa sita 2024 wenye kuitunga wenyewe waliitosha. Hata hivi, ilikuwa imeandikwa, na bei yake ilikuwa imeandikwa pembeni. Mwenye kuvunja alijua, juji alijua, mwenye kukaa Tokyo mbele ya televizyo alijua. Uno mwenyewe angeweza kuchukua karatasi, kufuata mistari, na kuona ni muruko gani wenye ulimupokonya shaba. Kushindwa kunauma siku zote. Lakini kushindwa kwenye unaweza kusoma, hakuna sumu ndani.

Chiba, mwaka wa 1994

Zamani haikuwa vile. Twende Chiba, inchi ya Japani, mwezi wa tatu 1994. Ilikuwa shampiona ya dunia kisha Michezo ya Olimpiki ya Lillehammer. Wale wanawake watatu wenye walipata medali kule Lillehammer, Oksana Baiul, Nancy Kerrigan na Chen Lu, hakuna mwenye alicheza Chiba. Surya Bonaly wa Ufaransa, mwenye alikuwa wa ine ku Olimpiki, alijua kama hii njo nafasi yake.

Wasomaji wetu wakubwa wanamukumbuka. Binti mweusi, muzaliwa wa Nice, mwenye alichukuliwa na wazazi wa kumulea angali katoto. Alianzia mu jimnastiki, na ilionekana: alikuwa na nguvu ya miguu yenye wengine hawakuwa nayo. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mufululizo, kutoka 1991 mpaka 1995. Lakini ku dunia, mwaka wa 1993 kule Prague alikuwa wa pili. Chiba alikuwa wa pili. Mwaka wenye ulifuata, kule Birmingham, wa pili tena. Miaka tatu, feza tatu, dhahabu hata moja.

Mushindi wa Chiba aliitwa Yuka Sato, Mujaponi mbele ya watu wa kwao. Tuseme ukweli: Sato alicheza vizuri. Miguu yake ilikuwa nyepesi, alikuwa anapita ku barafu sawa upepo ku maji, na kuko wajuzi wengi wenye mpaka leo wanasema dhahabu ilifika kwa mwenyewe. Wengine wanasema Bonaly aliruka miruko ya nguvu zaidi na hakustahili kuwa chini. Majuji walikuwa kenda. Tano walimuweka Sato mbele, ine wakamuweka Bonaly. Juji mumoja angegeuka, dhahabu ingegeuka.

Shida ilikuwa hii. Wakati ule kila juji alikuwa anatoa pointi mbili tu, moja ya ufundi na moja ya uzuri, kutoka 0 mpaka 6,0. Kisha zile pointi zenyewe hazikuhesabiwa pamoja. Kilichohesabiwa ni nafasi: juji huyu amemuweka nani wa kwanza, nani wa pili. Mwenye majuji mengi nyuma yake anashinda. Hakuna karatasi yenye ilisema: hapa ulipoteza kidogo juu ya muruko fulani, pale ulipata zaidi juu ya kuzunguka. Ilikuwa 5,8 ao 5,9, na nyuma yake kimya.

Wakati wa kutoa medali, Bonaly hakupanda ku podiyumu. Alisimama pembeni, chini ku barafu. Mukubwa wa ISU akamushika, akamupandisha. Wakamuvalisha feza mu shingo. Yeye akaivua. Watu mu kiwanja wakaanza kumuzomea. Kisha, machozi mu macho, aliambia waandishi wa habari kama ni bahati tu yenye anakosa.

Alilaumiwa sana, na magazeti mingi iliandika kama hana adabu. Sisi hatusifu kuvua medali mbele ya mwenye kukushinda. Sato hakumufanyia kitu kibaya. Lakini tunauliza: huyu binti mwenye kuambiwa « bado » mara ya pili, bila mutu kumuonyesha ni wapi penye alikosa, mulitaka akubali kitu gani? Alipewa jibu, sababu hakupewa. Na mutu mwenye kunyimwa sababu, anajitafutia yake mwenyewe. Wengine walisema ni rangi yake, wengine mwili wake wenye haukufanana na ule majuji walizoea kupenda, wengine ni juu Sato alikuwa kwao. Hakuna mwenye angeweza kuhakikisha, wala hakuna mwenye angeweza kukana. Sababu zote ziliishi mu giza pamoja.

Salt Lake City: pale uongo ulilipuka

Miaka munane ikapita. Mwezi wa pili 2002, ku Olimpiki ya Salt Lake City, mu muchezo wa wawili wawili, ilikuwa tena tano kwa ine. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walipata dhahabu, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier feza. Mwanaume wa upande wa Urusi alikuwa ametetereka ku muruko mumoja, Wakanada walicheza bila kosa lenye kuonekana, na watu mu kiwanja wakapiga kelele.

Mara hii kelele haikuishia mu kiwanja. Juji wa Ufaransa alisema kama alisukumwa na mukubwa wa federasyo yake apigie Warusi kura, ili upande mwengine, mu dansi, Wafaransa nao wasaidiwe. Kisha akageuza maneno yake. Mukubwa naye alikana. Mwishoni ISU iliwafungia wote wawili miaka tatu. Na Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, bila Warusi kupokonywa ya kwao. Siku ile dunia iliona medali mbili za dhahabu ku podiyumu moja, kitu chenye hata mutoto angejua hakiko sawa.

Tunaona hapa somo kubwa. Ule uchafu haukuzaliwa Salt Lake City. Ulikuwa unaweza kufanyika siku zote, juu mufumo ulimuruhusu juji kuandika namba bila kuielezea. Nyumba yenye haina taa, siku moja mwizi ataingia. Haizuru mwenye nyumba ni mutakatifu.

Namba zenye kusema

Kisha ile haya, ISU ilivunja mufumo wa 6,0. Tangu 2004 kuko mufumo mwengine, wenye tuliona ukifanya kazi Montréal. Kila muruko na kila muzunguko una bei yake, imeandikwa mbele ya musimu kuanza. Musimu wa 2023-2024, muruko wa toe loop wa kuzunguka mara tatu ulikuwa na bei ya 4,20. Lutz ya mara ine, 11,50. Ile Axel ya mara ine ya Malinin, 12,50. Kuko watu maalumu wenye kazi yao ni kutazama video na kusema: ndiyo, alizunguka mara ine kamili, ao hapana, alikosa robo. Kisha majuji wanapima namna ilifanywa, kutoka kutosha 5 mpaka kuongeza 5. Ile ya juu zaidi na ile ya chini zaidi zinatoshwa, zenye kubakia zinagawanywa. Ukianguka, unakatwa. Mwisho wa mashindano, karatasi yote inatolewa, mustari kwa mustari, na kila mutu duniani anaweza kuisoma.

Ni vile mutu wa 19 anaweza kupata shaba. Mu mufumo wa zamani, mwenye kuanguka mpaka nafasi ile mu programu fupi alikuwa ameisha, hata angecheza sawa malaika kesho yake. Nafasi ilikuwa minyororo. Sasa pointi ni pointi. Kazi ya leo inahesabiwa leo.

Je, uovu umeisha? Hapana. Uzuri ungali unapimwa na jicho la mutu, na jicho la mutu lina kwao. Kila mwaka mu dansi ya barafu watu wanagombana kama zamani. Tena ISU yenyewe ilifanya kosa moja kubwa mwanzoni: ilificha majina ya majuji. Walisema ni kwa kumulinda juji, ili federasyo yake isijue alipigia nani na kumusumbua. Wazo lilikuwa na maana. Lakini juji mwenye kufichwa na mukubwa wake, amefichwa vilevile na mwenye kushindwa. Mwaka wa 2016 walirudi nyuma, wakaamua jina liandikwe pembeni ya pointi. Ilichukua miaka kumi na kitu kujifunza kama giza haliwezi kuponya ugonjwa wa giza.

Salto ya Nagano

Kunabakia deni moja. Mwaka wa 1976, ku Olimpiki ya Innsbruck, Mumarekani Terry Kubicka alifanya salto ya nyuma. Kisha pale ikakatazwa. Walisema ni hatari, na kwamba muruko wa kweli unaisha ku muguu mumoja, salto inaisha ku miguu miwili.

Mwezi wa pili 1998, kule Nagano, Surya Bonaly alikuwa mu Olimpiki yake ya mwisho. Mushipa wa kisigino chake ulikuwa umepasuka miaka miwili nyuma, na mwili haukuwa tena ule wa zamani. Alikuwa wa sita kisha programu fupi. Mu programu ndefu, wakati aliona kama medali haitakuja, alijipindua nyuma hewani na akasimama ku muguu mumoja. Muguu mumoja! Ile sababu yenye walikuwa wanasema kila siku, aliijibu mbele ya macho yao. Wakamukata. Alimaliza wa kumi.

Hatutasema kama ile sheria ilimunyanganya medali siku ile, juu si kweli. Tunasema hivi: watoto wetu wanafanya salto ku muchanga pembeni ya ziwa, kila mutu anapiga mikono, na hakuna mwenye anauliza kama ni muchezo ao si muchezo. Kule Nagano kitu chenye kupendeza kilifanywa na mutu mweusi, mwenye kuumia, mwenye kuonewa ao mwenye kuwaza kama alionewa, na jibu likawa adhabu. Kaunas, kijana mwengine wa Ufaransa aliifanya, akalipa 2, akapewa dhahabu. Mwezi wa sita 2024 iliachiliwa, na wenye mamlaka walieleza kama ni kitu chenye kupendeza watu, haina tena maana kuikataza. Vizuri. Lakini mutu mwenye alilipa mbele ya wengine, inafaa atajwe kwa jina siku sheria inabadilika. Ile haina bei. Ni neno tu. Na wakubwa wa michezo, sawa wakubwa wa kila mahali, neno njo linawashindaka.

Na kwetu?

Tunaandika mistari hii wakati watoto wetu wanamaliza mitihani. Siku kidogo tu itakuwa proklamasyo, na buletini zitaingia mu manyumba. Mutazame namna mama anasoma buletini. Hatazami tu ile asilimia ya chini. Anapitisha kidole: hesabu, 8 kwa 20. Kifaransa, 13. Jeografia, 11. Kisha anamuuliza mutoto: « Hapa ku hesabu kulipita nini? » Mutoto atalia, lakini anajua atalia juu ya nini, na mwaka wenye kuja anajua aanzie wapi. Ile buletini, pamoja na makosa yake yote, ni karatasi ya Montréal.

Lakini kuko mahali pengi penye tunapimana bila buletini. Konkuru ya kazi: watu mia moja wameandika, majina matatu yanabandikwa ku mulango, wengine warudi kwao. Tournoi ya mitaa: penaliti inatolewa, mwenye kuuliza anaonyeshwa kadi. Mwandishi wa mistari hii, akiwa mwanafunzi, alikuwa wa pili mu mashindano ya kusema mbele ya watu. Alienda kuuliza kwa heshima kitu gani alikosa, ili arekebishe. Wakamujibu: « Jiri imekata. » Neno lile, « imekata », angali analisikia. Labda mwenye alishinda alikuwa muzuri kuliko yeye. Inawezekana kabisa. Lakini hakuna mutu mwenye alimusaidia kuamini.

Wakubwa wengine watajibu: tukionyesha hesabu, tutaleta fujo, kila mutu atakuja na kalkulatrisi yake. Tunawaambia: fujo iko tayari. Iko mu mawe yenye yanatupwa kisha mupira, iko mu maneno ya « wamechagua wa kabila lao », iko mu vijana wenye wameacha kujaribu. Kelele ya mwenye kuuliza juu ya mustari fulani inaisha mukimujibu. Kelele ya mwenye hajui aulize nini, haina mwisho.

Kwa hiyo tunalomba mambo matatu kwa kila mutu mwenye kushika kalamu ya kupima wenzake, ikiwa ku kiwanja, ku masomo ao ku ofisi. Ya kwanza: bei iandikwe mbele ya muchezo kuanza, hata ya makosa. Ya pili: mwenye kutoa pointi aweke jina lake pembeni. Ya tatu: mwenye kushindwa apewe karatasi yake, mustari kwa mustari, bila kulomba mara mbili. Na kama kanuni ni mbaya, ibadilishwe wazi, mbele ya watu, kama vile ISU ilifanya mwezi wa sita 2024 hata kama ni kwa kuchelewa.

Na sisi wenye kushindwa, kuko upande wetu. Ukishaonyeshwa hesabu, na hesabu iko sawa, kubali. Panda ku podiyumu, hata kama ni feza, mupe mushindi mukono. Kisha rudi nyumbani ufanye mazoezi ya ule muruko wenye ulikuangusha.